Ndugu wa Hesabu Moja Chini ya Mlima Kenya

Msomaji, ukisafiri kutoka Embu kwenda Meru kwa njia kuu ipitayo Runyenjes, Chuka na Nkubu, mlima huwa mkono wako wa kushoto, na nchi kavu ya Mbeere na Tharaka huwa mkono wako wa kulia. Katikati yake wavuka mito mingi iteremkayo kwa haraka, Thuci, Nithi, Mutonga na mingineyo, yote ikiutafuta mto Tana. Kila mahali ambapo barabara imekatwa ubavuni mwa kilima, udongo huonekana mwekundu kama tofali lililochomwa. Juu pana mashamba ya chai, chini ya chai pana kahawa, na chini ya kahawa pana mahindi, maharagwe, mtama na mawele. Nataka kukueleza habari za udongo huo. Liko jambo moja ambalo kitabu cha kemia hulitaja kwa mistari michache, na wanafunzi wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakalisahau. Nalo limeandikwa katika ardhi hii kwa herufi kubwa.

Jambo lenyewe ni hili. Kila atomu ina kiini, na ndani ya kiini zimo protoni. Nje ya kiini zimo elektroni, na atomu ikiwa kamili idadi yake ni sawa na ya protoni. Lakini atomu yaweza kupokonywa elektroni au kuongezewa, na ikiwa hivyo huitwa ioni. Sasa hesabu nami. Oksijeni ina protoni 8. Ikiongezewa elektroni 2 huwa na elektroni 10. Florini ina protoni 9. Ikiongezewa elektroni 1 huwa nazo 10. Neoni ina protoni 10 na elektroni 10, wala haitaki kupewa wala kutoa. Sodiamu ina protoni 11. Ikitoa elektroni 1 hubaki na 10. Magnesiamu ina protoni 12, hutoa 2, hubaki na 10. Aluminiamu ina protoni 13, hutoa 3, nayo hubaki na 10. Hawa sita wana idadi moja ya elektroni na mpangilio mmoja, mbili karibu na kiini na nane nje yake. Wanakemia huwaita isoelektroniki. Mimi nitawaita ndugu wa kumi.

Jina la undugu lapendeza, lakini lina mtego. Mtu akisikia kwamba hawa sita wamevaa vazi moja aweza kudhani kwamba tabia yao ni moja pia, kwamba mmoja akiwa chakula wote ni chakula, na mmoja akiwa sumu wote ni sumu. Nchi ya Meru na Embu yakanusha dhana hiyo tangu kileleni mwa mlima hata bondeni.

Tuanze kileleni. Mlima ambao Wameru huuita Kirimara na Waembu huuita Kirenyaa ulikuwa volkano, nao umelala kwa muda wa zaidi ya miaka milioni mbili. Mwaka 1893 mtaalamu wa miamba aitwaye John Walter Gregory alifika katika mlima huo akachunguza mawe yake. Mwaka 1900 alilipa jiwe moja la mlima huo jina la keniti, kutokana na jina la Kenya. Ni jiwe jeusi lenye fuwele kubwa za madini yaitwayo felspa. Ndani ya fuwele hizo, pamoja na silikoni na potasiamu, wamo ndugu wa kumi watatu: sodiamu, aluminiamu na oksijeni. Gregory alipolishika jiwe hilo hakuwa na njia ya kujua habari za hesabu ya kumi, maana elektroni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa. J. J. Thomson aliigundua mwaka 1897 huko Cambridge. Mwaka uliofuata William Ramsay na Morris Travers waliipata neoni katika hewa huko London, na mwaka 1899 Halford Mackinder na wenzake walifika kilele cha juu cha mlima. Hivyo katika miaka michache mlima ulipandwa na atomu ikafunguliwa, bila wapandaji na wafunguzi kujua kwamba walikuwa wakishughulikia mambo yaliyokuwa na uhusiano.

Mvua ikanyesha juu ya mawe hayo kwa malaki ya miaka. Sodiamu ilipoguswa na maji iliachana na jiwe, ikaingia mitoni, ikateremka na Tana mpaka Kipini, ikamezwa na Bahari ya Hindi. Chumvi ya bahari imekusanyika kwa safari za namna hiyo kutoka milima mingi ya dunia. Aluminiamu haikwenda. Ilibaki mahali pake imeshikana na oksijeni, na pamoja na chuma kilichoupa udongo wekundu wake ikawa ndiyo ardhi tunayoikanyaga. Ndugu wawili waliotoka katika fuwele moja, wenye elektroni kumi kila mmoja, mmoja akawa msafiri wa baharini na mwingine mwenyeji wa bara asiyeondoka. Kwa nini?

Jibu lilichukua muda. Mwaka 1913 kijana wa Kiingereza aitwaye Henry Moseley alipima mionzi ya eksirei itokayo katika metali mbalimbali, akaona kwamba kila elementi ina namba yake isiyoshirikiwa na nyingine, nayo ni idadi ya chaji chanya iliyo katika kiini. Kabla yake elementi zilipangwa kwa uzito, na upangaji huo ulikuwa na kasoro hapa na pale. Moseley alionyesha kwamba mwenye amri ni kiini. Hakuishi kuona matunda ya kazi yake. Aliuawa vitani Gallipoli tarehe 10 Agosti, 1915, naye ana umri wa miaka 27. Vita hivyo hivyo viliwachukua vijana wa Meru na Embu kuwa wapagazi wa jeshi katika nchi iliyoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na wengi wao hawakurudi, wakifa kwa maradhi na njaa zaidi kuliko kwa risasi.

Mwaka 1916, katikati ya vita, Walther Kossel wa Ujerumani na Gilbert Lewis wa Marekani, kila mmoja mbali na mwenzake, walieleza kwamba atomu nyingi hutoa au hupokea elektroni mpaka zifikie hesabu ya gesi tulivu kama neoni. Hapo ndipo undugu wa kumi ulipopata maana. Mwaka 1919 Irving Langmuir wa Marekani aliziweka pamoja ioni na atomu zenye hesabu moja, kisha akaendelea mbele ya atomu moja moja akalinganisha molekuli nzima.

Mfano mmoja wa Langmuir yafaa ujulikane katika kila nyumba ya nchi ya baridi. Gesi ya nitrojeni, iliyo karibu sehemu 78 katika kila sehemu 100 za hewa, ina atomu mbili na elektroni 14. Monoksaidi ya kaboni, gesi itokayo katika makaa yanayoungua pasipo hewa ya kutosha, nayo ina atomu mbili na elektroni 14. Uzito wao ni karibu sawa. Hazina rangi wala harufu. Nitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na mwenzake kwenye nyuzi 192 chini ya sifuri. Kwa macho, kwa pua na kwa mizani huwezi kuzitenga. Lakini nitrojeni waivuta usiku na mchana bila dhara, na monoksaidi ya kaboni huishika damu mahali pa oksijeni kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara mia mbili na zaidi, na mtu aweza kulala asiamke. Katika usiku wa Julai, ukungu wa mlima unaposhuka mpaka mlangoni na jiko la makaa likaingizwa chumbani, dirisha likafungwa, tofauti ya viini viwili yaweza kuwa tofauti ya uhai na mauti. Jiko la makaa mahali pake ni nje ya chumba cha kulala, hata baridi iwe kali namna gani.

Turudi kwa ndugu wa kumi. Mwaka 1927 Linus Pauling alitumia undugu huo kupima jambo ambalo halikuwa rahisi kupimika. Wakati huo eksirei iliweza kuonyesha umbali kati ya kiini cha sodiamu na kiini cha florini katika fuwele ya floridi ya sodiamu, nao ni pikomita 231, yaani sehemu 231 za mita iliyogawanywa mara trilioni. Lakini mpaka kati ya majirani hao wawili uko wapi? Pauling alisema: kwa kuwa wote wawili wana elektroni kumi zilizopangwa sawasawa, kinachowatenga ni nguvu ya kiini tu. Elektroni za ndani hukinga sehemu ya nguvu hiyo, naye alikadiria kinga hiyo kuwa 4.52 kwa wote wawili. Toa 4.52 katika protoni 11 za sodiamu, hubaki 6.48, toa katika 9 za florini, hubaki 4.48. Mwenye nguvu zaidi huzivuta elektroni zake karibu zaidi, na kwa kadiri hiyo hiyo huwa mdogo. Gawanya 231 kwa kanuni hiyo, nawe utapata karibu 95 kwa sodiamu na karibu 136 kwa florini. Jaribu mwenyewe kwa kalamu; hesabu hii haihitaji chombo chochote.

Kwa njia ya namna hiyo Pauling alipata kipimo cha jamaa nzima ya ioni, toka kiini hata ukingoni: oksijeni 140, florini 136, sodiamu 95, magnesiamu 65, aluminiamu 50. Angalia jinsi mwili unavyopungua kila protoni inapoongezeka, na vazi likiwa lile lile. Aluminiamu ni ndogo na ina chaji tatu chanya zilizobanwa mahali padogo, kwa hiyo huishika oksijeni kwa nguvu nyingi. Sodiamu ina chaji moja katika mwili mpana, hushika kwa ulegevu, na maji huichukua. Hili ndilo jibu la swali letu la msafiri na mwenyeji.

Tofauti hiyo yafanya kazi hata jikoni. Mama apikaye githeri ya maharagwe makavu hutia magadi kidogo, na maharagwe yaliyokuwa magumu huiva upesi. Kuta za chembechembe za haragwe zimeunganishwa kwa pektini, na pektini yafungwa pamoja na ioni za kalsiamu na za magnesiamu, ambazo zina chaji mbili na huweza kushika upande huu na upande huu kama mikono miwili. Magadi huleta sodiamu tele. Sodiamu ina mkono mmoja tu. Ikichukua nafasi ya magnesiamu, kifungo hulegea na kuta zikaachana. Ndugu mmoja wa kumi amemwondoa mwenzake mahali pake, na chakula kimelainika. Mpishi amelijua jambo hili kwa mkono wake kabla mwanakemia hajalijua kwa kalamu.

Walakini magadi yana mgeni mwingine. Magadi ya Ziwa Magadi, ambayo kampuni iliundwa mwaka 1911 ili kuyachimba, yakiwa mabichi hubeba floridi pamoja na sodiamu, maana floridi ni nyingi katika maji ya Bonde la Ufa. Floridi kidogo hulikaza jino. Ikizidi katika miaka ambayo meno ya mtoto yanaumbika, meno hutoka yenye madoa ya kahawia, na ikizidi sana huathiri mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika kila lita ya maji ya kunywa. Msomaji wa Meru ya Kenya asichanganye nchi yake na Mlima Meru ulioko karibu na Arusha, Tanzania, ambao una watu wake na historia yake. Chini ya mlima huo wa Tanzania pana mahali paitwapo Maji ya Chai, ambapo maji yanajulikana kwa floridi nyingi mno, na meno ya wenyeji wengi yametoa ushahidi. Sodiamu na floridi, elektroni kumi kwa kumi: ya kwanza mwili hauwezi kuishi bila kuwa nayo kila siku, ya pili huhitaji kupimwa kwa uangalifu.

Sasa tufike shambani, mahali ambapo undugu huu huwagharimu watu mavuno yao. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wa Kenya kupanda kahawa kwa miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1930 ilikubali ipandwe kwa majaribio katika wilaya chache, na Meru na Embu zilikuwa miongoni mwake pamoja na Kisii. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kilimo cha mazao ya biashara kilienea, chai ikapanda miteremko ya juu, na mwaka 1964 shirika la chai la wakulima wadogo, KTDA, likaundwa. Pamoja na mazao mapya ilikuja mbolea ya viwandani. Siilaumu mbolea, bila hiyo mashamba madogo yasingelisha watu wengi namna hii. Lakini mbolea zenye amonia, zikitiwa mwaka baada ya mwaka, huuongezea udongo asidi, kwa kuwa vijidudu vya udongo huigeuza amonia kuwa nitrati na kuacha asidi nyuma. Mvua nyingi ya mlimani nayo huiosha kalsiamu na magnesiamu ikaziteremsha.

Kipimo cha pH cha udongo kikishuka chini ya 5.5 hivi, aluminiamu ile iliyokuwa mwenyeji asiyeondoka huanza kuyeyuka. Hapo huwa hatari. Kila jani la kijani lina magnesiamu katikati ya molekuli ya klorofili. Richard Willstätter alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa uchunguzi wa rangi za mimea, na hasa klorofili. Kwa hiyo mizizi ina milango ya kuingiza magnesiamu. Aluminiamu iliyoyeyuka huja katika milango hiyo hiyo, ikiwa na vazi lile lile la elektroni kumi na mwili mdogo usiopishana sana na wa magnesiamu. Ikifika mahali ambapo magnesiamu hushika na kuachia kama kazi inavyotaka, yenyewe hushika isiachie. Huzuia magnesiamu isiingie, na ncha za mizizi huwa fupi, nene, za rangi ya kahawia, zisizoweza kwenda chini kutafuta maji.

Mkulima haoni mizizi. Aonacho ni kwamba mahindi yake yamenyauka baada ya wiki mbili za jua, na ya jirani bado yamesimama. Na majani ya zamani yamekuwa manjano kati ya mishipa. Hulaumu mvua, au mbegu, au husema kwamba shamba limechoka, kisha hukopa fedha akaongeza mbolea ile ile. Hivi ndivyo karo ya mtoto inavyoweza kupotea ardhini. Dawa yake si ghali kama ugonjwa: ni kuupima udongo kwanza, na ukionekana una asidi nyingi, kutia chokaa ya shamba. Chokaa huipandisha pH, nayo aluminiamu hurudi kushikana na oksijeni na hidrojeni, ikawa tena sehemu ya udongo isiyodhuru. Chokaa ya dolomiti huleta na magnesiamu pamoja. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, lina kituo Embu, na kijana aliyesoma kemia aweza kumweleza mzazi wake majibu ya kipimo kuliko kukiacha karatasi sandukuni.

Lakini asitie chokaa katika chai. Mchai hupenda udongo wa asidi, na katika mimea tuipandayo ni mmoja wa michache inayoishi na aluminiamu bila kudhurika. Huiingiza, hata huikusanya majanini. Huikusanya na floridi pia. Katika maji ya asidi hawa wawili, mmoja mwenye chaji chanya tatu na mwingine mwenye chaji hasi moja, hushikana sana. Katika miteremko ya Mungania, Kinoro na Githongo, mchumaji huchuma majani mawili machanga na chipukizi lake, ambamo aluminiamu na floridi ni kidogo. Majani makuu ya chini, ambamo zimejaa kwa miaka, huachwa mtini mpaka yaanguke, yaoze, na kuirudisha aluminiamu katika ule udongo mwekundu.